Dumu la majaribio la bayogesi ya taka za soko: pH imeshuka hadi 5.3, gesi haiwaki

Binti_Mchakato

Habarini wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua bayogesi kwa undani. Mradi wangu wa mwaka wa nne wa uhandisi kemikali, hapa Dar, ni kupata methani kutoka kwenye taka za matunda na mboga za soko la Mabibo. Mpangilio uko hivi.

Dumu la plastiki la lita 20, ujazo wa kazi lita 15. Kifuniko kina matundu mawili: moja la kulishia, bomba la PVC linalozama chini ya usawa wa maji, na jingine la gesi, lililoungwa kwa mpira wa dripu hadi kwenye chupa ya maji iliyopinduliwa ndani ya beseni. Mwanzo niliweka kilo 3 za samadi mbichi ya ng'ombe, kilo 3 za taka zilizosagwa kwa blenda (ndizi mbivu, papai, nanasi na maganda yake, machungwa na maganda yake, nyanya, kabichi) na maji hadi lita 15. Tangu siku ya pili nalisha gramu 500 za taka kila siku na kutoa kiasi hichohicho. Dumu liko barazani, joto la ndani ni kati ya 26 na 31°C.

Wiki ya kwanza gesi ilitoka nyingi, siku nyingine zaidi ya lita 10, ila nikiiwasha inazima kiberiti. Sasa imekaribia sifuri, pH, kipimo cha uasidi, ni 5.3, na harufu ni ya siki iliyochanganyika na siagi iliyochacha.

Maswali: Linaokoleka au nimwage? Nimeambiwa nitie chokaa. Pili, napimaje methani bila kromatografia ya gesi, ile mashine ya maabara ya kuchambua gesi? Tatu, msimamizi anataka namba moja, mililita za methani kwa gramu ya taka. Hiyo naipataje kihalali?

---

Mzee_wa_Slari

Dada, dumu lako limevimbiwa. Weka chokaa pembeni kwanza tufanye hesabu.

Mchanganyiko wa matunda kama huo huwa na yabisi asilimia 12 hivi, na ndani ya yabisi hiyo kama asilimia 90 ni ile inayoungua, yaani VS, ambayo ndiyo chakula chenyewe cha vijidudu. Gramu 500 za taka ni VS gramu 54. Gawanya kwa lita 15 unapata gramu 3.6 kwa lita kwa siku. Mzigo huo hubebwa na mtambo uliokomaa, wenye 37°C usiku na mchana na mkorogo wa uhakika. Dumu changa huanza na gramu 0.5 kwa lita kwa siku. Likitulia unapanda hadi 1, kisha 1.5, na kila ngazi unakaa nayo wiki mbili au tatu. Kwako gramu 0.5 ni kama gramu 70 za taka mbichi kwa siku. Umekuwa ukilisha mara saba ya hapo.

La pili ni mbegu, yaani vijidudu vya kuanzishia dumu. Samadi mbichi kilo 3 ina VS karibu gramu 390, na matunda yako ya mwanzo yalikuwa na gramu 324. Kwenye karatasi mbegu inaizidi taka. Lakini samadi mbichi yenyewe bado ni chakula, na idadi ya methanojeni, vijidudu vinavyotengeneza methani, ndani yake ni ndogo ukilinganisha na bioslari, lile tope linalotoka kwenye mtambo unaofanya kazi. Bakteria wanaovunja sukari huongezeka maradufu kwa saa chache. Methanojeni wanaokula asidi ya asetiki huhitaji siku kadhaa kufanya vivyo hivyo, na theluthi mbili hivi ya methani ya mtambo wa kawaida hutokana na asetiki. Kwa hiyo sukari ya ndizi na papai iligeuka asidi haraka, asidi ikakosa mlaji, ikaanza kula bikaboneti, alkali iliyokuwa majini ikizuia pH isishuke. Bikaboneti ikiliwa hutoa kaboni dioksaidi. Hiyo, pamoja na CO2 ya uchachushaji wenyewe, ndiyo gesi yako nyingi ya wiki ya kwanza. Bikaboneti ilipokwisha ndipo pH ikaporomoka.

Ndiyo maana pH si kipimo cha tahadhari. Ikianza kushuka, tatizo lina siku kadhaa tayari. Chini ya 6.5 methanojeni wanasuasua, na kwa 5.3 wamesimama. Harufu ya siagi iliyochacha ni asidi ya butiriki, ishara kwamba uchachushaji umekwenda njia nyingine kabisa.

Maganda ya machungwa yatoe kwenye mchanganyiko. Mafuta yake yana limonini, nayo ni sumu kwa methanojeni. Nyama ya chungwa haina shida kubwa.

Kuokoa inawezekana. Leo acha kulisha. Usitie kitu mpaka upime asidi na alkali kwa titresheni, yaani kutia asidi iliyopimwa kidogo kidogo huku ukisoma pH, vinginevyo utakuwa unatia soda kwa kubahatisha. Leta namba hapa.

---

Maabara_Ghorofani

Naongezea upande wa vipimo, dada.

Titresheni ni hii. Koroga dumu, chota, chuja kwa kitambaa chepesi, chukua mL 20. Pima kwa mita ya pH iliyosawazishwa kwa bafa (vimiminika vya pH inayojulikana) za 4 na 7 siku hiyohiyo, na elektrodi uisuuze vizuri maana tope huifunika utando ikaanza kusoma kwa kuchelewa. Tia asidi ya salfuriki 0.1 N taratibu hadi pH 5.0, andika mililita zilizotumika: hiyo ni A. Endelea hadi 4.4: mililita za nyongeza ni B. Alkali, kwa mg/L za kalsiamu kaboneti, ni A × 250. Asidi tete, zile za uchachushaji kama asetiki na butiriki, kwa mg/L za asetiki, ni (B × 1.66 − 0.15) × 500. Gawanya asidi kwa alkali. Chini ya 0.4 dumu liko salama, likifika 0.8 limeshaanza kuanguka. Usiache sampuli ikae nusu saa mezani kabla ya kupima, CO2 inatoroka na pH inapanda yenyewe.

Sasa gesi. Chupa yako ya maji matupu inakudanganya. Lita moja ya maji kwa 30°C inaweza kumeza karibu lita 0.7 za CO2, kwa hiyo siku za mwanzo ulisoma pungufu, na baadaye maji yakiwa yameshiba unasoma vingine. Weka maji ya chumvi, gramu 200 au zaidi kwa lita, uyashushe hadi pH 2 kwa asidi ya sitriki. Tone mbili tatu za methili oranji zitayatia rangi nyekundu. Rangi ikigeuka manjano ujue asidi imekwisha.

Kupima methani bila kromatografia unahitaji bomba la sindano la mL 60, koki ya njia tatu ya hospitali, na soda kaustiki ya kutengenezea sabuni. Yeyusha gramu 120 ndani ya maji, kamilisha lita moja. Vaa miwani na glavu, tia soda kwenye maji na si maji kwenye soda, tumia chombo cha plastiki kisicho laini sana kwa sababu inachemka. Vuta mL 10 za myeyusho ndani ya sindano, kisha mL 40 za gesi. Funga koki, tikisa dakika moja, acha kipini kijirudie chenyewe, soma. Tikisa tena, ukipata namba ileile umemaliza. Zikibaki mL 24 kati ya 40, hiyo ni asilimia 60.

Lakini kilichobaki ni "kisichomezwa na soda", si lazima kiwe methani. Hewa iliyovuja inabaki pia, na hidrojeni inabaki. Kwa hiyo kabla ya kuamini sindano yako ijaribu mara mbili: kwanza kwa hewa ya kawaida, mL 40 zibaki 40. Zikipungua, koki inavuja. Pili kwa CO2 ya siki na bekingi soda, ibaki karibu na sifuri. Ikibaki mL 3 au 4, ulikusanya kabla hewa haijatoka chupani.

Kingine, koneta ya dumu, kile kiungio cha bomba kwenye kifuniko, umeifunga na nini? Kama ni silikoni peke yake, itaachia. Silikoni haishiki kwenye poliethilini ya madumu. Tumia koneta ya tanki yenye uzi na washa za mpira pande zote mbili za kifuniko.

---

Binti_Mchakato

Asanteni sana wakuu. Nimetitresha mara tatu, wastani: A = mL 2.8, B = mL 6.6. Kwa hesabu zenu alkali ni 700 na asidi ni karibu 5,400, uwiano 7.7. Nilifunga kwa silikoni kweli, nabadilisha. Chokaa vipi sasa?

---

Fundi_Goba

Chokaa usiweke. Ukiitia, kwanza inanyonya CO2 iliyo juu ya tope. Shinikizo linashuka, dumu linabonyea, na maji ya chupa yako yanavutwa kupitia mpira hadi ndani. Maji yenyewe sasa ni ya chumvi na asidi. Halafu pH ikikaribia 6.7 chokaa inaacha kupandisha bikaboneti, inageuka kalsiamu kaboneti na kutuama chini kama mchanga. Unaongeza, pH haisogei. Unaongeza tena, mara imeruka 8 na zaidi.

Bikaboneti ya sodiamu ndiyo sahihi. Hata ile ya dukani ya kupikia ni bikaboneti, mradi isome bekingi soda. Bekingi pauda ina wanga na chumvi za asidi ndani yake, haifai. Magadi ya sokoni nayo ni alkali, kikemikali ni kaboneti na bikaboneti pamoja, na yakiwa safi gramu 75 zinafanya kazi ya gramu 84 za bikaboneti. Tatizo hayaji safi. Yana chumvi, mchanga, na floraidi kwa viwango vinavyobadilika. Kwa mtambo wa nyumbani yanatosha. Kwa ripoti ya chuo utaulizwa umetia nini hasa.

---

Mzee_wa_Slari

Namba zako zinaeleweka, na zinaendana na pH 5.3. Fanya hivi.

Toa lita 5 za tope. Weka lita 5 za bioslari kutoka kwenye mtambo unaowasha jiko kila siku. Pembezoni mwa jiji wapo wafugaji wenye mitambo ya kuba iliyofukiwa, uliza Goba, Kibamba au Kigamboni. Chota kwenye chumba cha kutokea, koroga kwanza, usichukue maji ya juu. Kwenye usafiri kifuniko kilegeze kidogo, dumu lililokazwa huvimba njiani.

Baada ya hapo asidi itakuwa imeshuka hadi 3,600 mg/L, na bioslari yenye alkali ya 3,000 itakuwa imeleta kama 1,000 kwenye mchanganyiko wote. Sehemu kubwa ya hiyo itatumika kuzima asidi. Ili ufike alkali ya 2,500 utahitaji karibu gramu 3.8 za bikaboneti kwa lita, yaani gramu 57 kwa dumu zima. Sema 60. Tia gramu 20, ziyeyushwe kwanza kwenye tope lenyewe kidogo na si kumwaga unga juu, koroga, subiri siku nzima, titresha. Kisha 20 nyingine, na 20 nyingine. Sodiamu itafika kama gramu 1 kwa lita. Usumbufu kwa methanojeni huanza kwenye gramu 3.5 hadi 5.5, kwa hiyo una nafasi, lakini si nafasi ya kurudia mchezo huu mara tatu.

Wakati wa kutia, mpira wa gesi uwe wazi. Asidi na bikaboneti zitatoa CO2 ya lita 5 na ushee kwa jumla. Gesi hiyo usiiandike kwenye daftari kama uzalishaji! Grafu nyingi za wanafunzi zina mlima hapo, na maelezo chini yake yanasema vijidudu "vimeamka".

Halafu unakaa. Hulishi. Asidi itaanza kuliwa, utaona B inapungua siku hadi siku hata kama gesi bado ni kidogo. Uwiano ukishuka chini ya 0.4 na sindano ikaonyesha asilimia 50 au zaidi, anza na gramu 70 kwa siku. Pima uwiano mara mbili kwa wiki. Ukipita 0.5, ruka siku moja ya kulisha. Ukifika gramu 1 kwa lita, yaani taka gramu 140 kwa siku, tegemea methani kama lita 5 kwa siku, jumla ya gesi lita 8 au 9. Ukiona namba kubwa mno kuliko hiyo, kagua hesabu ya VS kabla ya kushangilia.

---

Hidrojeni_Kwanza

Mimi nina mtazamo tofauti. Kwa nini apambane na asili? Dumu lake linapenda pH 5.3, hapo ndipo hidrojeni hutengenezwa. Abadili kichwa cha mradi: hidrojeni ya kibayolojia kutoka taka za matunda. Hidrojeni ni mafuta safi, ikiungua inatoa maji tu. Na uwezekano mkubwa gesi yake ya wiki ya kwanza ilikuwa na hidrojeni ndani.

---

Mzee_wa_Slari

Uwezekano upo, ndugu, lakini angalia nishati. Moli moja (kipimo cha kiasi cha kemikali) ya glukosi ina kilojuli 2,805. Kwa njia ya asetiki, iliyo bora kuliko zote, unapata moli 4 za hidrojeni: kilojuli 1,144, asilimia 41. Kwa njia ya butiriki, ambayo harufu ya dumu lake inaitangaza, ni moli 2 tu, nusu ya hapo. Nishati iliyosalia imebaki kwenye asidi majini, na maji hayo huwezi kuyamwaga Mto Msimbazi. Kwa methani moli moja ya glukosi inatoa moli 3, kilojuli 2,670, asilimia 95. Hata ukipoteza robo njiani bado umeiacha hidrojeni mbali.

Pia hidrojeni haitoki kwa dumu lililoharibika tu. Inabidi mbegu ichemshwe, kama nusu saa kwenye 90°C na kuendelea, ili methanojeni wafe na wabaki bakteria wenye spora ngumu zinazostahimili joto, kama Clostridium. Inabidi tope likae ndani muda mfupi, saa na si wiki, na pH idhibitiwe isipite 5.5 wala isishuke chini ya 5. Ukiiacha, wanazaliwa bakteria wanaokula hidrojeni na CO2 na kurudisha asetiki. Uzalishaji unaanza vizuri halafu unazama bila sababu inayoonekana kwa macho.

---

Hidrojeni_Kwanza

Sikatai hesabu. Basi afanye hatua mbili: dumu la kwanza la asidi, siku mbili tatu, la pili la methani. Hidrojeni kidogo anaipata, na asidi inaliwa na dumu la pili.

---

Mzee_wa_Slari

Hapo tunakubaliana, na kwa taka za matunda ndio mpangilio wenye mantiki, kwa sababu dumu la pili linalishwa asidi iliyopimwa badala ya sukari inayolipuka. Ila muda wa mwaka wa nne hautoshi kuendesha madumu mawili yatulie na kuandika. Aokoe hili, hatua mbili aziweke kwenye mapendekezo ya utafiti unaofuata.

---

Maabara_Ghorofani

Naomba turudi kwenye swali la tatu, maana ndilo litakalompa alama. Dumu la lita 15 haliwezi kukupa mililita za methani kwa gramu kihalali, dada. Liko moja, halina jaribio tupu, yaani la mbegu bila taka, na samadi nayo inatoa gesi yake. Namba hiyo inatoka kwenye chupa ndogo.

Chukua chupa za mL 500, tisa. Tatu za taka, tatu za mbegu peke yake, tatu za selulosi safi (nyuzi za mimea) kama kipimo cha kuthibitisha. Mbegu ni bioslari, uipitishe kwenye chekeche ya mm 1 hadi 2, kisha iache na njaa kwa siku tano kwenye 37°C ili imalize chakula chake. Samadi mbichi usitumie. Vilevile ile ya tumboni mwa ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti, ambayo wanafunzi wengi hukimbilia. Ina wavunjaji hodari wa nyuzi, lakini ng'ombe hunyonya asetiki yake mwenyewe kupitia ukuta wa tumbo, kwa hiyo methanojeni wa humo wengi ni wala hidrojeni. Wala asetiki ni wachache. Ukiitumia peke yake, asetiki itarundikana kama ilivyotokea kwenye dumu.

Pima yabisi kwa 105°C hadi uzito usibadilike, kisha choma kwa 550°C, tofauti ndiyo VS. Taka za matunda ziwe fresh au zilizogandishwa siku ileile ya kusaga. Zikishaanza kuchacha zina pombe na asidi zinazoyeyuka hewani ndani ya oveni. Unaandika VS ndogo kuliko iliyomo, na methani kwa gramu inatoka kubwa isivyo kweli. Kosa hili linaingia kimya kabisa, hata chupa tatu za marudio hazilionyeshi, kwa sababu zote tatu zinakosea pamoja.

Uwiano wa mbegu kwa taka, kwa VS, usipungue 2. Kwa matunda weka 3. Mfano: bioslari yenye VS gramu 25 kwa kilo. Gramu 360 zina VS gramu 9. Taka ziwe VS gramu 3, ambazo ni gramu 28 mbichi. Ongeza maji mL 12 jumla ifike 400. Chupa ya mbegu peke yake: bioslari ileile gramu 360 na maji gramu 40. Selulosi: VS gramu 3 juu ya bioslari ileile, na maji yaliyobaki. Nafasi ya juu ya chupa isafishwe kwa naitrojeni kama mnayo. Kama hamna, oksijeni iliyo kwenye mL 100 za hewa itakula methani kama mL 10, na kwa chupa inayotoa zaidi ya elfu moja hiyo ni asilimia moja. Usiahirishe mradi kwa ajili yake.

Joto. Chupa zikae kwenye ndoo au beseni la maji la 37°C. Boksi jeupe la kubebea samaki, lile la Feri, pamoja na balbu ya uzi na kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga vinatosha. Balbu isiguse boksi. Umeme ukikatika usiku maji mengi yatahifadhi joto kwa saa kadhaa kuliko hewa, ndiyo sababu nasema maji. Tikisa chupa mara mbili kwa siku.

Gesi ya kila chupa ipite kwenye chupa ya soda kaustiki kwanza, kinachotoka ukipime kwa maji ya chumvi. Endelea mpaka uzalishaji wa siku uwe chini ya asilimia 1 ya jumla kwa siku tatu mfululizo. Kwa matunda hutarajii kupita mwezi.

Marekebisho ya joto na mvuke watu huyaruka. Kwa 30°C na usawa wa bahari kama Dar, gesi yenye mvuke kamili zidisha kwa 0.86 kupata ujazo kavu kwa 0°C. Bila hilo umejiongezea karibu asilimia 16 za bure, na namba yako haiwezi kulinganishwa na ya mtu yeyote.

Hesabu ya mwisho: chupa ya taka imetoa mL 1,380 baada ya marekebisho, ya mbegu peke yake mL 360. Tofauti 1,020, gawa kwa 3, jibu ni mL 340 kwa gramu ya VS. Kabla ya kuiandika angalia selulosi. Kinadharia inatoa 414. Ukipata chini ya 340 mbegu ni dhaifu au kuna uvujaji. Ukipata zaidi ya 414 umekosea hesabu, maana nishati haizaliwi chupani. Kwa hali zote mbili matokeo ya taka hayana thamani hata kama yanavutia.

---

Binti_Mchakato

Nimeelewa, chupa tisa basi. Selulosi safi sina. Karatasi za kuchujia za maabara zinafaa? Na gesi ya dumu kubwa nataka kuihifadhi kwenye mpira wa ndani wa tairi ili nionyeshe mwali siku ya uwasilishaji.

---

Maabara_Ghorofani

Karatasi ya kuchujia isiyo na majivu inafaa, ni selulosi karibu tupu. Ikate vipande vidogo sana na upime VS yake pia, usidhani ni asilimia 100 maana ina unyevu. Itachelewa kuanza kuliko unga. Usiogope wiki ya kwanza.

---

Fundi_Goba

Mpira wa tairi unafaa kwa siku moja mbili, si zaidi. CO2 hupenya mpira haraka kuliko methani, kwa hiyo ujazo unapungua huku asilimia ya methani ikipanda. Mwali utakuwa mzuri, ila usipime gesi ya kwenye mpira ukaiandika kuwa ndiyo ya dumu. Sampuli ya sindano ichukuliwe kwenye dumu lenyewe.

Kabla ya kuujaza, utoe hewa yote: ukunje, unyonye kwa sindano, halafu jaza gesi kidogo, itoe, jaza tena. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 kwenye hewa inalipuka, na mpira wenye hewa nusu uko njiani kuelekea hapo. Kati ya mpira na moto weka chupa ya maji gesi ipite kwa mapovu, na kipande cha steel wool kimebanwa ndani ya bomba la chuma karibu na ncha. Chupa hiyo inazuia moto usirudi. Steel wool inasaidia hilo, na ikishika kutu inakamata salfaidi ya hidrojeni pia, ile yenye harufu ya mayai viza. Ukiona harufu hiyo imetoweka ghafla huku hujabadilisha kitu, toka nje kwanza: ikizidi kiwango pua huacha kuisikia.

Mpira wa dripu uwe na mteremko kuelekea kwenye dumu. Ukiachia tumbo katikati, maji ya mvuke yatajaa hapo na kuziba, na utadhani dumu limekufa tena.